Pikipiki yangu imegongwa na nina bima ndogo tu: nani atanilipa?

"Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Mwanza na nina pikipiki moja aina ya Boxer ambayo nimempa kijana wa jirani aendeshe bodaboda. Ananiletea hesabu ya shilingi 8,000 kwa siku. Wiki mbili zilizopita, jioni, maeneo ya Buzuruga, alikuwa analipita gari aina ya Noah lililokuwa mbele yake, mara Noah ikakata kulia kuingia barabara ya mtaani bila kuwasha indiketa, wakagongana. Hakuwa na abiria. Kofia alikuwa amevaa. Amevunjika mguu chini ya goti na amelazwa Sekou Toure. Trafiki walikuja wakapima, pikipiki ikapelekwa kituoni na iko huko mpaka leo. Shokapu za mbele zimepinda, rimu imekunjika, tangi limebonyea, na fundi ameniambia niandae 750,000. Dereva wa Noah amekuja nyumbani kwa heshima kabisa, anasema tuyamalize kindugu: atanipa 300,000 taslimu, nami nisaini karatasi kwamba sina madai mengine. Mimi nina bima ndogo tu, na wenzangu wananiambia bima ndogo hailipi kitu, kwa hiyo bora nichukue. Tena kadi ya pikipiki bado ina jina la aliyeniuzia, na leseni ya kijana ilikuwa imekwisha muda miezi miwili kabla. Nichukue fedha hizo? Au niitengeneze kwanza pikipiki ndipo nidai?"

Pole sana, ndugu yangu, na pole zaidi imfikie kijana aliyeko hospitalini. Jibu la haraka, kwa kuwa huenda dereva yule akarudi kesho asubuhi, ni kwamba usisaini karatasi yoyote na usiiguse pikipiki kwa sasa. Sababu zake nitazieleza taratibu, kwa sababu ukizielewa utaweza kuamua mwenyewe, na inawezekana baada ya kuzielewa ukaona kuna namna ya kuelewana na dereva huyo bila wewe kupunjika.

Nianze na hilo la bima ndogo, maana ndilo linalowafanya watu wengi wakubali fedha kidogo kwa kudhani hawana pengine pa kwenda. Wenzako wamekuambia nusu ya habari. Ni kweli kwamba bima ndogo uliyoikata wewe haitatengeneza pikipiki yako, na wala haitamtibu kijana wako. Jina lake rasmi ni bima ya mhusika wa tatu. Mhusika wa kwanza ni wewe uliyelipa ada, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni mtu yeyote aliye nje ya mkataba huo ambaye chombo chako kimemuumiza au kimemharibia mali. Kwa hiyo stika yako inamlinda mwenye duka ambaye pikipiki yako ingeingia dukani kwake, au mama ambaye ingemgonga akivuka barabara. Wewe mwenyewe na chombo chako hamumo.

Nusu ya pili ya habari ni kwamba Noah nayo, kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, haikuruhusiwa kuwa barabarani bila bima ya aina hiyohiyo, na katika mkataba ule wa Noah mhusika wa tatu ni wewe. Pamoja nawe, kwa upande wake mwenyewe, yumo kijana. Haijalishi mwenye Noah alikata bima kubwa au ndogo. Zote mbili zina kipengele cha kuwalipa watu wa nje. Ulazima wa sheria yenyewe umejengwa hasa juu ya vifo na majeraha ya mwili, na uharibifu wa mali umo katika mikataba mingi ya bima ndogo inayouzwa nchini kwetu, ukiwa na kikomo kilichoandikwa katika hati. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kama Noah ilikuwa na bima hai siku ya ajali. Ile yako weka pembeni, ingawa nayo nitairudia kidogo hapo chini, kwa kuwa kuna jambo moja unalopaswa kulifanya juu yake.

Kulijua hilo la Noah ni rahisi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa TIRA MIS, ambamo mtu yeyote huingiza namba ya usajili ya chombo au namba ya stika, akaona kampuni iliyotoa bima, aina ya bima, na tarehe za kuanza na kumalizika. Fanya hivyo leo kwa simu yako na uhifadhi picha ya ukurasa utakaouona. Ukikuta bima imekwisha siku moja kabla ya ajali, mambo yanabadilika kabisa: hutakuwa na kampuni ya kuidai, na itabidi umkabili mwenye gari na dereva wake kwa mali zao wenyewe. Hapo laki tatu za mkononi zinaanza kuwa na sura nyingine. Ndiyo maana hatua hii hutangulia zote.

Tuseme bima ipo. Hapa kuna kanuni moja ambayo watu huisahau: kampuni ya bima ya Noah hailipi kwa sababu ajali imetokea, inalipa kile tu ambacho dereva wa Noah angelazimika kukulipa kisheria. Kama hakuwa na kosa, hakuna anachodaiwa, na kampuni haina cha kumlipia. Kama kosa ni lake lote, inalipa hasara yote inayothibitika. Kama mna kosa kila mmoja kwa sehemu yake, hasara inagawanywa kwa uwiano huo. Madai ya namna hii, kwa hiyo, husimama juu ya miguu miwili, kosa na uthibitisho wa hasara, na ukikosa mmoja huo mwingine haukusaidii.

Kuhusu kosa sitakuficha. Dereva wa Noah alikata kulia bila ishara, na dereva anayebadili uelekeo ana wajibu wa kuhakikisha kwamba njia ni salama, kuangalia kioo, na kutoa ishara mapema. Huo ni uzembe usio na utetezi mwepesi. Lakini kijana wako alikuwa anapita mahali ambapo, kwa maelezo yako mwenyewe, pana barabara inayoingia mtaani, na kampuni ya bima ya Noah haitaacha kuuliza kama pale ni makutano, kama mstari wa katikati ulikuwa umekatika au haukukatika, na alikuwa katika mwendo gani. Wakikuta mstari usiokatika, tarajia waseme naye alichangia. Wakati mwingine wanakuwa na haki kusema hivyo, na wakati mwingine wanajaribu tu. Tufanye hesabu ya mfano: hasara ikiwa 750,000 na kijana akabebeshwa asilimia 30 ya kosa, unabaki na 525,000. Hata kwa mgawanyo huo mbaya bado umeipita ofa ya sebuleni, na hapo sijagusa siku ambazo pikipiki haikufanya kazi.

Leseni iliyokwisha muda ni kosa la usalama barabarani, na trafiki anaweza kumshtaki kijana kwa hilo peke yake. Haifuti madai yenu dhidi ya Noah, kwa kuwa haikusababisha ajali. Noah ingekata kona vilevile hata kama leseni ingekuwa mpya. Kampuni italitaja jambo hili kwa hakika, na mara nyingi hulitaja kwa sauti kubwa ili mdai aogope na kuondoka. Usiogope, lakini pia usilifiche wala usimruhusu mtu "kurekebisha" tarehe, kwa sababu uongo mmoja ukigundulika katika faili huchafua na ukweli wote uliomo. Leseni hiyo ingekuwa na uzito mkubwa zaidi kama ungekuwa unadai katika bima yako mwenyewe, maana mikataba ya bima huweka sharti la dereva mwenye leseni halali. Kofia aliyovaa ni jambo jema; ingawa haihusiani na mguu, inamwonyesha kuwa ni mwendeshaji aliyejali.

Sasa karatasi. Majeruhi wa ajali hupewa fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ambayo daktari huijaza aina ya jeraha na ukubwa wake. Hakikisha kijana anayo, imejazwa na kugongwa mhuri, na nakala yake unayo wewe na familia yake. Kwa upande wa vyombo, unahitaji taarifa ya polisi ya ajali, ambayo wengi tunaiita PF90, ramani ya eneo la ajali waliyoichora trafiki walipopima, na ripoti ya mkaguzi wa magari wa polisi aliyekagua pikipiki na Noah. Ripoti hiyo ya mkaguzi hueleza kama breki na taa zilikuwa zinafanya kazi kabla ya ajali. Ukiona imeandikwa kwamba pikipiki "haikuwa na hitilafu kabla ya ajali", hiyo ni sentensi ya dhahabu kwako. Dereva wa Noah akifikishwa mahakamani kwa kuendesha bila uangalifu na akakiri au akatiwa hatiani, omba nakala ya hati ya mashtaka na ya hukumu. Kampuni nyingi za bima huzitaka nyaraka hizo kabla ya kuzungumzia fedha, kwa sababu zikishakuwepo hakuna wa kubishana tena kwa kiasi kikubwa juu ya nani alikosea. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutoyamaliza sebuleni: mkiyamaliza, mara nyingi na shauri la polisi linapoa, nawe unabaki huna ushahidi endapo hasara itaonekana baadaye kuwa kubwa kuliko mlivyodhani.

Rudi pia Buzuruga kabla kumbukumbu za watu hazijafifia. Wauza matunda, vijana wa kijiwe cha bodaboda, mwenye duka aliyekuwa mlangoni: andika majina na namba za simu za waliouona mgongano wenyewe, na uwatenganishe na waliokuja kukusanyika baadaye. Piga picha ya kona ile, mstari wa katikati ukionekana, ukisimama alikotokea kijana. Kama kuna duka lenye kamera ya ulinzi inayoangalia barabarani, ombeni picha mapema, maana kamera nyingi hufuta kumbukumbu zake zenyewe baada ya muda mfupi.

Nije kwenye pikipiki yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na ndipo fedha nyingi hupotea. Umeuliza kama uitengeneze kwanza. Hapana, kwa sababu kampuni ina haki ya kumtuma mtathmini wake wa hasara aone uharibifu kwa macho, na akikuta pikipiki imekwisha kunyooshwa na kupakwa rangi atalazimika kuamini neno la fundi wako, jambo ambalo hatalifanya kwa urahisi. Trafiki wakishamaliza ukaguzi wao wanaweza kukuruhusu kuitoa kituoni. Ukiitoa, ihifadhi ndani kama ilivyo, pamoja na kila kipande kilichovunjika, hata kioo cha taa. Kabla ya kuisogeza piga picha pande zote nne, halafu karibu: namba ya chesesi iliyochongwa kwenye shingo ya fremu, namba ya injini, namba ya usajili, kilomita zinazosomeka, na kila jeraha la chuma peke yake.

Nina shaka na hiyo 750,000 ya fundi, tena shaka yangu ni kwamba ni ndogo. Pikipiki iliyogonga ubavu wa gari kwa mbele hupokea nguvu yote kwenye tairi la mbele, ikapanda kwenye shokapu, ikafika kwenye shingo ya chesesi, mahali usukani unapozungukia. Fundi ameona shokapu, rimu na tangi kwa sababu vinaonekana. Mwombe afanye haya mbele yako: aisimamishe kwa stendi kubwa, atoe gurudumu la mbele, kisha ageuze usukani taratibu kutoka kushoto hadi kulia. Ukisikia unakwama mahali au unakwaruza, beringi za usukani zimeumia. Halafu afute vumbi na grisi kwenye kiungio cha kuchomelea pale shingoni na mkiangalie kwa tochi. Rangi iliyopasuka katika mstari mwembamba, au iliyokunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, inaonyesha kwamba chuma chini yake kimejikunja. Mwisho anyooshe uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele likiwa limerudishwa; magurudumu yasipokaa katika mstari mmoja, chesesi imekwenda upande.

Ikiwa chesesi imeguswa, gharama inapanda sana, na huenda ikakaribia thamani ya pikipiki yenyewe. Hapo kampuni inaweza kuamua kuihesabu kuwa ni hasara kamili, yaani ikulipe thamani iliyokuwa nayo sokoni siku ya ajali, ikitoa thamani ya mabaki endapo utayachukua wewe. Angalia nilivyosema: thamani ya siku ya ajali, wala si bei ya Boxer mpya dukani. Vivyo hivyo, ukifungiwa tairi jipya mahali pa tairi lililokuwa limekwisha nusu, wanaweza kukata kidogo kwa kuwa umepata kilicho bora kuliko ulichokuwa nacho. Watu hukasirika wakikatwa hivyo, lakini fidia imekusudiwa kukurudisha ulipokuwa kabla ya ajali, na ukilielewa hilo mapema hutaingia katika mabishano usiyoweza kuyashinda.

Kuna fundi atakayekuambia shokapu zinanyooshwa kwa moto na utaokoa laki nzima. Mkatalie. Bomba la shokapu lililopashwa moto na kupigwa nyundo linaweza kuonekana limenyooka, lakini chuma chake kimelegea, na siku litakapopinda tena litapinda barabarani kijana akiwa juu yake. Andika katika makisio kwamba shokapu zinabadilishwa zote mbili. Chukua makisio ya maandishi kutoka kwa mafundi wasiopungua wawili, yenye orodha ya kila kipuri na bei yake, ufundi ukiwa mstari wake wa peke yake, na uongeze ankara ya bei kutoka duka la vipuri linalotoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Weka pia sentensi kwamba makisio yanaweza kuongezeka endapo uharibifu zaidi utaonekana baada ya kufungua. Mtathmini mwenye uzoefu haishangai sentensi hiyo; akiikosa ndipo hushangaa, ukimpelekea nyongeza baadaye.

Suala la kadi yenye jina la mtu mwingine ni zito kiasi chake na lina dawa. Kampuni haitaki kukulipa wewe leo, halafu kesho ajitokeze mwenye jina kwenye kadi adai kwamba pikipiki ni yake. Tafuta mkataba wenu wa mauziano. Kama hamkuandikiana, mtafute aliyekuuzia aandike na kuapa mbele ya wakili au kamishna wa viapo kwamba alikuuzia, tarehe gani na kwa kiasi gani, akiambatisha nakala ya kitambulisho chake. Kisha anzeni taratibu za kubadili umiliki Mamlaka ya Mapato, TRA, ambazo kwa kweli zilipaswa kufanyika siku mliyopeana fedha. Nakuomba usifanye njia ya mkato ya kudai kwa jina lake "kwa sababu kadi ni yake", maana hundi nayo itatoka kwa jina lake.

Hesabu ya kila siku inadaiwa pia, lakini hapa sheria ni kali. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema mara nyingi kwamba hasara mahususi ni lazima itajwe waziwazi na ithibitishwe kikamilifu. Kusema tu kwamba "nilikuwa napata 8,000 kwa siku" hakutoshi. Kama kijana alikuwa akikutumia kwa simu, chapisha taarifa ya miamala ya miezi kadhaa kabla ya ajali, kwa kuwa hiyo ni ushahidi mzuri kuliko daftari. Kama mlipeana mkononi, daftari lenye saini litasaidia, na mkataba wenu wa kuendesha utasaidia zaidi. Tarajia kwamba wataondoa siku ambazo pikipiki huwa haifanyi kazi, na siku ambazo umechelewesha mambo mwenyewe bila sababu.

Hapa ndipo ninaporudia bima yako. Angalia kama uliikata kwa matumizi binafsi au ya biashara. Wako wengi ambao wakala aliwaandikia binafsi, wakati chombo kinabeba abiria kila siku. Ajali hii haitakuumiza kwa hilo, kwa kuwa hudai kwako. Lakini dereva wa Noah akigeuka kudai kwamba kosa ni la kijana na ubavu wa gari lake ulipwe, kampuni yako itaangalia hati, na ikikuta matumizi tofauti na yaliyoandikwa, inaweza kukuachia mzigo. Ndiyo sababu unapaswa kuitaarifu kampuni yako pia kwa maandishi kwamba ajali imetokea, ingawa huna unachoidai. Ukipata barua yoyote ya madai kutoka kwa mwenye Noah, ipeleke kwao bila kuijibu.

Tumrudie sasa dereva wa Noah na laki zake tatu. Simwoni kuwa mtu mbaya. Inawezekana anaogopa shauri la mahakamani, au gari si lake na hataki mwenye gari ajue. Lakini anajiweka mwenyewe katika hatari asiyoijua: takriban kila mkataba wa bima ya gari una sharti linalomkataza mwenye bima kukiri kosa, kutoa ahadi au kulipa chochote bila idhini ya maandishi ya kampuni. Akikulipa, kisha kijana akadai fidia ya mguu, kampuni yake inaweza kumwambia ameharibu mambo mwenyewe. Mweleze hivyo kwa upole ule ule aliokuja nao, na umwombe jambo moja: aende kwenye kampuni yake ya bima, ajaze fomu ya taarifa ya ajali na kukupa namba ya faili. Akifanya hivyo amekusaidia kuliko hizo fedha.

Je, kuna hali ambayo ningekushauri uchukue? Ipo. Kama TIRA MIS imeonyesha Noah haina bima, kama dereva hana mali ya maana, au kama trafiki wamekwisha kuonyesha kwamba kosa kubwa ni la kijana, basi fedha ya mkononi inaweza kuwa na thamani kuliko kesi ndefu. Hata hapo, karatasi iseme wazi kwamba malipo ni ya uharibifu wa pikipiki peke yake, kwamba hayahusu majeraha ya mwendeshaji, na kwamba ni sehemu tu ya gharama ikiwa si zote. Maneno "sina madai mengine yoyote" yana nguvu kisheria kuliko yanavyosikika sebuleni. Nawe huna mamlaka ya kuuza madai ya mguu usio wako.

Ukiamua kwenda kwa bima, andika barua ya madai kwa kampuni ya Noah, utaje tarehe, mahali, namba za vyombo vyote viwili, maelezo mafupi ya ajali na hasara unayodai, uambatishe nakala za nyaraka na ubaki na za asili. Ipeleke mwenyewe ofisini na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Madai yaliyoishia kwenye simu na wakala ni kama hayapo. Baadaye watakuja kukagua, watakuletea ofa, na ukiikubali utapewa hati ya kukiri malipo ambayo nayo hufunga madai. Isome mpaka mstari wa mwisho, na kama ofa imekata kitu uliza kwa maandishi kimekatwa kwa kanuni gani. Ofa ya kwanza si lazima iwe ya mwisho.

Wakikaa kimya au wakikataa bila sababu inayoeleweka, lalamika kwanza kwa uongozi wa kampuni hiyo kwa maandishi. Isiposaidia, TIRA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapo hapo Mwanza, nayo hupokea malalamiko dhidi ya kampuni. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ambayo haimtozi mlalamikaji ada. Mahakama ni njia ya mwisho, na huko anayeshtakiwa kwa kawaida ni dereva na mwenye gari, kisha kampuni hutakiwa kulipa hukumu. Ndiyo maana kampuni inapaswa kupewa taarifa ya maandishi kabla kesi haijafunguliwa. Muda wa kudai fidia ya uzembe ni miaka 3 tangu tukio. Ni mingi kwa kuisema, lakini nimeona faili zilizokwisha muda mdai akiwa bado anaambiwa "njoo wiki ijayo", na mazungumzo na kampuni hayasimamishi saa ya sheria.

Kwa pikipiki peke yake unaweza kuyafanya haya yote bila wakili. Kwa mguu wa kijana, hapana. Mfupa uliovunjika chini ya goti unaweza kupona vizuri, na unaweza pia kuacha ulemavu ambao hautajulikana mpaka daktari aandike ripoti yake ya mwisho, miezi kadhaa baadaye. Fidia yake ina matibabu, kipato alichokosa, maumivu, na kiwango cha ulemavu utakaobaki, na hakuna sehemu ya hayo unayoweza kuikadiria wewe au mimi kutoka mbali. Yeye au ndugu zake wamwone wakili mapema, na asiyeweza kumlipa wakili aulize katika mashirika ya msaada wa kisheria yaliyosajiliwa, kwa kuanzia na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Watunze kila risiti ya dawa, ya picha za mionzi na ya nauli za kwenda kliniki. Na dereva wa Noah akienda wodini na karatasi nyingine ya kusaini, kijana asiisaini akiwa kitandani, hata kama wewe mwenyewe umekwisha kuelewana naye kuhusu pikipiki.